Niliacha famasia nikaenda kuchora, kumbe sijahama mbali

Kila nikikutana na mtu tuliyesoma naye au tuliyewahi kufanya kazi pamoja swali la kwanza ni lilelile, ulipata wapi ujasiri wa kuacha kazi. Haulizi nachora nini wala natumia rangi gani, ni hilo tu la ujasiri. Naelewa lakini, maana hadithi za watu walioacha ofisi wakawa wachoraji husimuliwa kama sinema, jamaa amevaa tai, siku moja amechoka, katupa tai, kashika brashi, mwisho wa siku yuko makumbusho. Mimi nilikuwa mfamasia miaka mingi kabla sijahamia kwenye rangi za mafuta moja kwa moja, kwa hiyo na mimi wananiingiza humohumo kwenye hiyo sinema.

Tatizo ni kwamba ukizifuatilia hizo hadithi vizuri haziko hivyo. Chukua Paul Gauguin ambaye kila mtu anamtaja, alikuwa dalali wa hisa Paris na ni kweli akaja kuwa mchoraji, ila soko la hisa lilianguka mwaka 1882 na ile kazi yenyewe ikaota mbawa, sasa hapo ujasiri uko wapi, isitoshe alikuwa anachora siku za mapumziko miaka kibao na kuanzia 1879 tayari alikuwa anaonyesha kazi zake pamoja na kina Degas na Pissarro. Halafu kuna kipande ambacho watu hawapendi kukisimulia. Mke wake Mette alikuwa na watoto watano, akarudi kwao Denmark akawa anafundisha Kifaransa ili watoto wale. Ukinisimulia Gauguin bila Mette umenisimulia nusu, na ile nusu nyingine ndo wanayoijua watu wa nyumbani kwako wakati wewe unaongea habari za ndoto.

Mimi ninaowapenda ni wale wasio na drama. Henri Rousseau alikuwa karani wa kukusanya ushuru kwenye mageti ya kuingilia Paris, akakaa hapo mpaka 1893 akastaafu akiwa na miaka 49 ndo akapata siku nzima za kuchora, na ile misitu yake mikubwa yenye simba na nyani hakuwahi hata kutoka Ufaransa, alikuwa anaenda bustani ya mimea hapohapo mjini kuangalia majani. Alma Thomas wa Marekani ndo kabisa, alifundisha watoto sanaa shuleni kwa miaka 35, akastaafu 1960 karibu anafika 70, halafu ndo akaanza zile picha za vipande vya rangi vilivyopangwa mistari na duara ambazo ukiziona unahisi mtu wa miaka 25 amezichora. Mwaka 1972 akiwa na miaka 80 akawa mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kupewa maonyesho yake peke yake pale makumbusho ya sanaa ya Whitney, New York. Huyo ndo wa kumwiga, alisubiri pensheni bana.

Aliyeruka kweli bila neti labda ni Kandinsky, alikuwa mtu wa sheria na uchumi, mwaka 1896 akapewa nafasi ya kufundisha chuo kikuu akaikataa akaenda Munich kujifunza kuchora akiwa anakaribia miaka 30. Sawa. Ila kwa Kandinsky mmoja kuna watu wangapi waliruka wakaanguka na hatuwajui hata majina.

Mimi sikuruka. Nilipunguza shifti, kwanza wikiendi nikaacha kuchukua, baadaye nikawa nusu wiki kaunta nusu wiki studio, halafu oda zilipoanza kueleweka nikaaga. Hakuna cha kusimulia hapo na ndo maana swali la ujasiri huwa linanichosha. Kitu ninachotamani watu waniulize, na hakuna anayeuliza, ni kuhusu vitu vyenyewe. Rangi. Maana nilipoingia huku nilijua naenda nchi nyingine kabisa, mambo ya hisia na uhuru, nikakuta ni ileile kazi niliyoiacha, unga kwenye chupa, kipimo, lebo, sumu, na subira.

Naanza na historia kidogo. Kule Florence miaka ya 1300 mchoraji alikuwa anaandikishwa chama kimoja na madaktari na wauza dawa, hawakuwa na chama chao. Sababu ni rahisi tu, rangi zilikuwa zinauzwa na wauza dawa. Ulikuwa unaenda dukani kwa mtu yuleyule anayeuza mizizi na marhamu, anakupimia na rangi. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika maelekezo ya ufundi karibu na mwaka 1400, anashauri kabisa kwamba ile nyekundu ya vemilioni, inayotokana na zebaki na salfa, uinunue ikiwa bonge zima, usinunue iliyosagwa, kwa sababu iliyosagwa wanachanganya na unga wa matofali. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Miaka yote nimekaa kaunta naangalia vidonge kama ni feki au vya ukweli, kumbe kuna mzee miaka 600 iliyopita alikuwa na kazi hiyohiyo kwenye rangi.

Halafu sasa ingia kwenye vitu vyenyewe. Ile nyeupe ya titaniamu ambayo leo karibu kila mchoraji anayo kwenye paleti ni titaniamu dayoksaidi, na hiyohiyo ndo inayofanya vidonge vingi viwe vyeupe kule nje, kwenye ganda. Ulaya mwaka 2022 waliikataza kwenye chakula ila kwenye dawa wakaiacha. Nyeupe ya zinki ni oksidi ya zinki, ileile ya marhamu ya upele na ya matako ya watoto. Chaki inayopakwa kwenye kanvasi kama msingi kabla ya rangi ni kalsiamu kabonati, nimeuza kilo na kilo za hiyo kama dawa ya kiungulia. Kuna nyeupe nyingine ya bariamu salfeti, wachoraji na viwanda wanaitumia kama kijazio, hospitalini mgonjwa anainywa ili utumbo uonekane kwenye eksirei. Na ile njano na nyekundu ya vidonge mara nyingi ni oksidi za chuma, yaani kutu, ambayo ndo udongo wa njano na mwekundu watu walipakia kuta za mapango maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuvaa koti jeupe.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni bluu ya Prussia. Ilipatikana Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1700 kwa bahati, mtengeneza rangi alikuwa anatafuta nyekundu, malighafi yake ilikuwa imechafuka, ikatoka bluu nzito kama usiku. Ikasambaa dunia nzima, hata lile wimbi kubwa la Hokusai la Japani limechapwa kwa hiyo. Sasa hiyo rangi ni dawa. Sitanii, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, inatumika mtu akiwa ameingiwa na sumu ya thaliamu au siziamu yenye mionzi, inaikamata sumu tumboni isirudi kwenye damu inatoka na choo. Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazili, watu waliiba mashine ya mionzi kwenye kliniki iliyoachwa, wakaivunja, ule unga wa siziamu ukasambaa mtaani kwa sababu ulikuwa unang'aa vizuri gizani, na walioathirika wakapewa bluu ya Prussia wameze. Mimi nikikamua ile tyubu, yenye namba PB27, huwa nakumbuka hilo, na nadhani hakuna mchoraji mwenzangu studio za jirani anayewaza hivyo, kila mtu na wazimu wake.

Kuna na upande wa pili, rangi zilizoua. Carl Wilhelm Scheele alikuwa mfamasia wa Sweden, mtu wa ajabu sana, ni mmoja wa waliogundua oksijeni, na mwaka 1775 huyohuyo mwenzetu akatengeneza kijani kwa shaba na aseniki. Kijani kizuri, rahisi, ikaenda kwenye picha, karatasi za ukutani, maua ya bandia, nguo. Aseniki hiyo jamani, watu wanalala nayo chumbani. Baadaye ikaja kijani kingine cha aseniki kikali zaidi ambacho wachoraji wakubwa wa karne ya 19 walikitumia sana, na kilikuwa kinauzwa pia kama sumu ya panya. Tena kulikuwa na kahawia iliyotengenezwa kwa kusaga maiti zilizokaushwa za Misri, wauza dawa walikuwa wanaziuza kama tiba kabla hazijawa rangi. Edward Burne-Jones wa Uingereza alipoambiwa ile kahawia kwenye tyubu yake imetoka wapi, akaichukua akaenda kuizika bustanini.

Nisiwachoshe na maiti.

Kitu kimoja nilichotoka nacho kaunta ambacho kimenisaidia kuliko kipaji, kama nina kipaji, ni kusoma lebo. Wanaoanza wananunua jina. Unaona tyubu imeandikwa jina tamu la nyekundu ya waridi unaichukua. Jina halina maana yoyote, kila kiwanda kinaita kinavyotaka, angalia namba ndogo nyuma. P ni unga wa rangi, herufi inayofuata ni familia, B bluu, R nyekundu, Y njano, W nyeupe, kisha namba. PB29 ni ultramarini popote utakapoikuta. Ni kama jina halisi la dawa na jina la biashara, na mfamasia yeyote atakwambia unamwandikia mtu lile la kwanza. Ukikuta tyubu moja ina namba tatu nne ujue ni mchanganyiko, ukiichanganya tena na nyingine itakupa tope.

Halafu angalia uimara wake kwenye mwanga. Tyubu nyingi nzuri zimeandikwa I, II au III, ya kwanza ndo inakaa, ya tatu iache kama unauza. Alizarini ya zamani, PR83, ni nyekundu tamu ya ndani kama damu, na mimi naipenda, lakini iko III, inapauka, siku hizi naweka kwinakridoni, nyekundu ya kisasa ya kiwandani, mahali pake. Ushahidi uko wazi, kile chumba cha kulala cha Van Gogh cha 1888 ambacho kila mtu anakijua kwa kuta za bluu, kuta zilikuwa zambarau, nyekundu iliyokuwa ndani imepotea na bluu ikabaki. Watu wanaandika insha nzima kuhusu ule ubaridi wa bluu na upweke wake, wakati ni nyekundu imeekspaya tu.

Mimi nina kadi zangu dirishani, napaka kila tyubu mpya mstari, nusu nafunika na karatasi ya foili nusu naacha jua lipige, naandika tarehe na namba. Mgeni akiingia studio anadhani ni mapambo. Hiyo ni kazi ya kitoto kabisa na ndo inanipa raha, kuna wiki nimeshindwa kuchora chochote cha maana ila kadi zimenieleza kitu.

Mafuta sasa. Watu wanadhani rangi ya mafuta inakauka kama nguo kwenye kamba, maji yanaondoka basi. Hapana. Yale mafuta ya mbegu za kitani hayaendi popote, yanavuta oksijeni ya hewani yanabadilika yanakuwa ngozi ngumu, mwanzoni hata uzito unaongezeka badala ya kupungua. Kwa hiyo huwezi kulazimisha na feni. Na kila rangi ina mwendo wake, ile kahawia ya amba inakauka haraka kwa sababu ndani ina manganizi ambayo inaharakisha, nyeusi ya mifupa inavuta miguu siku nyingi. Ndo inatoka ile sheria ya tabaka, za chini ziwe na mafuta kidogo za juu ziwe na mafuta zaidi, maana ukiweka ya juu inayokauka haraka juu ya ya chini ambayo bado inatembea, mbele ya safari inapasuka. Nyeupe ya zinki nayo ukiijaza kwenye mafuta inakuwa kavu kama biskuti miaka ikipita, inabanduka, kwa hiyo angalia kwenye tyubu ya nyeupe kama wamechanganya na PW4 humo. Vanishi ya mwisho wengi wanashauri usubiri miezi sita mpaka mwaka. Mteja anataka picha Ijumaa na wewe unamweleza habari za mwaka, ni mazungumzo magumu lakini nimezoea, kuna watu nimewahi kuwaambia wamalize dozi yote ya siku saba na wao siku ya pili walishajisikia vizuri.

Na tafadhali, kwa yeyote anayetumia mafuta ya kitani nyumbani, vile vitambaa vya kufutia brashi usivirundike kwenye kona au kwenye pipa. Yale mafuta yakila oksijeni yanatoa joto, vitambaa vikiwa vimerundikana joto halina pa kwenda, vinashika moto vyenyewe bila kiberiti bila chochote. Vitandaze vikauke kimoja kimoja nje, au viloweke maji kwenye kopo la chuma lenye mfuniko. Hili nimelisema kwa kila mwanafunzi aliyekuja na nitaendelea kulisema. Na brashi usiitie mdomoni kuichonga ncha, kuna kadimiamu na kobalti humo, pia usile juu ya meza ya rangi.

Sasa siku yenyewe inavyokwenda. Asubuhi nafika mapema kwa sababu ya mwanga. Utasikia ushauri wa kila mahali kwamba dirisha la studio liangalie kaskazini, uliza aliyeusema anaishi wapi, huo ni ushauri wa watu wa kaskazini mwa ikweta ambao jua lao linapita upande wa kusini, ukiwa kusini ya dunia ugeuze, na ukiwa karibu na ikweta jua linahama upande kadiri ya miezi kwa hiyo pazia jeupe litakusaidia kuliko dira. Usiku nikilazimika kufanya kazi natumia taa, kwenye boksi natafuta herufi CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli, ikiwa 90 kwenda juu iko poa, chini ya hapo nyekundu zinadanganya.

Nachora vitu vya mezani. Chupa, vikopo, kitambaa, mwiko wa kupimia vidonge ambao nilitoka nao kazini. Watu wananiuliza kwa nini sichori kitu kikubwa. Giorgio Morandi wa Bologna alichora chupa na makopo karibu maisha yake yote, akafa 1964, alikuwa anaishi na dada zake na chumba chake cha kulala ndo kilikuwa studio, vumbi aliliacha likae kwenye chupa, nyingine alizipaka rangi kwa nje au ndani ili zisiakisi mwanga. Ukiangalia picha moja unasema hii nini sasa, ukiangalia ishirini huondoki. Namwelewa. Nimekaa miaka mbele ya rafu za chupa nikisoma majina yao, sikuwahi kuziona. Sasa hivi sizisomi, naangalia pale chupa mbili zinapokaribiana ile nafasi katikati ina umbo gani, kivuli cha ya kahawia kikianguka kwenye nyeupe kinakuwa na rangi gani, na jibu kila siku ni tofauti kidogo na nilivyodhani jana.

Hapo kwenye rangi kubadilika kutegemea jirani yake kuna mzee mwingine mkemia, Chevreul, alipewa idara ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Wateja wakawa wanalalamika nyeusi yenu haina nguvu. Akapima nyuzi, akakuta nyeusi haina shida yoyote, shida ni rangi iliyowekwa kando yake, jicho ndo linaidhoofisha. Akatoa kitabu kizima kuhusu hilo mwaka 1839 na wachoraji wa Ufaransa wakala humo kwa miaka. Aliishi mpaka miaka 102. Jaribu mwenyewe, changanya nyeusi ya mifupa na nyeupe upate kijivu, kiweke katikati ya rangi za udongo wa joto, utaapa umeona bluu. Anders Zorn wa Sweden watu wanamkumbuka kwa paleti ya rangi nne hivi, nyeupe, udongo wa njano, vemilioni na nyeusi, na sura za watu alizozitoa hapo hukosi hata hiyo bluu.

Pesa naisema haraka. Haiji mwisho wa mwezi. Inakuja kwa mafungu halafu inakaa kimya, ukiwa na galari inayokuuzia watachukua asilimia 40 mpaka 50 mara nyingi, mwanzoni inauma halafu ukijaribu kuuza mwenyewe miezi kadhaa, kupiga picha, kufunga, kusafirisha, kujibu meseji za "bei ya mwisho ngapi", unaanza kuwaelewa. Oda za picha za watu ndo zinalisha. Mtu anakutumia selfi anataka uchore marehemu bibi yake, na selfi ile imepigwa karibu, pua imevimba masikio yamerudi nyuma, kwa sababu kamera ikiwa karibu kile kilicho mbele kinakua. Naomba picha tatu nne za siku tofauti, na nauliza alikuwa anachekaje. Familia ikikaa kujibu hilo swali huwa wanabishana, na katika ule ubishi ndo napata ninachohitaji.

Ninachokikosa ni foleni. Sikutegemea. Kaunta nilikuwa naongea na watu kutwa nzima, mama na mtoto wa homa, mzee wa presha ambaye anataka stori kuliko dawa, huku naweza kumaliza mchana bila kusikia sauti yangu. Kwa hiyo Jumamosi nimefungua darasa dogo studio, wengi ni watu wenye kazi zao, mwalimu, fundi umeme, dada mmoja wa benki, na kila mmoja kwa siri anataka nimwambie aache kazi. Siwaambii. Nawauliza wiki hii wamechora kwa masaa mangapi, ukipata jibu la hilo, lile swali la kuacha kazi linajijibu lenyewe.

Swali lao la pili ni zuri zaidi, wanunue nini cha kuanzia wasimalize mshahara. Tyubu tano zinatosha. Nyeupe ya titaniamu tyubu kubwa maana hiyo ndo inaisha, iwe PW6 bila PW4. Udongo wa njano PY43 au PY42. Nyekundu ya udongo PR101. Ultramarini PB29, na hii furahini, zamani ilikuwa inasagwa kutoka jiwe la lapisi lazuli la milima ya Afghanistan na mteja alikuwa anaipigia hesabu kwenye mkataba, mpaka kiwanda kikaweza kuitengeneza Ufaransa miaka ya 1820, leo ni kati ya rahisi dukani. Ya tano chagueni wenyewe, mimi ningechukua kwinakridoni. Brashi tatu za manyoya magumu, mafuta ya kitani chupa ndogo, kopo la chuma la vitambaa. Nyeusi iacheni kwanza, changanyeni ultramarini na ile nyekundu ya udongo muone inavyotoka.